Swichi Imekwenda Wapi?

Swali hili liliulizwa na mzee mstaafu, tena kwa hasira kidogo. Alialikwa kwenye hafla fupi katika jengo alilofanyia kazi zaidi ya miaka ishirini, akaomba aonyeshwe chumba chake cha zamani cha swichi, mtambo wa kuunganisha simu. Alikuta sakafu tupu yenye alama za miguu ya makabati yaliyong'olewa, na kwenye kona makabati matatu membamba yenye taa za kijani. "Swichi imekwenda wapi?" Kijana aliyemsindikiza akamjibu: "Ni hayo hapo, mzee, lakini si hayo hasa. Siku hizi swichi ni programu. Leo inaweza kuwa humo, kesho ikawa jengo jingine."

Mzee alilibeba jibu hilo hadi kwenye baraza letu la kahawa, hapa Dar es Salaam, na mpaka leo halijatoka. Tuko wanne. Mzee mwenyewe aliingia kazini wakati shirika la posta na simu lilikuwa bado la nchi tatu za Afrika Mashariki, kabla ya jumuiya yao kuvunjika 1977. Binti ni mhandisi wa hizo programu zilizoimeza swichi. Mhasibu ameshika vitabu vya kampuni za simu zaidi ya moja, na sasa anajitegemea. Mimi ndiye ninayeandika, na kwa sababu ambayo sijaielewa, ndiye ninayelipia kashata. Maneno yafuatayo nimeyaunga kutoka jioni kadhaa. Marefu nimeyapunguza, makali nimeyaacha.

MZEE: Mimi sikatai mabadiliko, nimeyaona mengi kuliko nyinyi. Nilipoanza, swichi ilikuwa na sauti. Ukiingia chumbani asubuhi unasikia vyuma vinapanda na kuzunguka, tik-tik-tik, na saa mbili ofisi zikifunguliwa ilikuwa kama mvua juu ya bati. Safu moja ikinyamaza, hata kama umempa mgongo, unajua. Unakwenda na kitambaa na mafuta. Asili ya mitambo ile ni Mmarekani mmoja, Strowger. Mnajua alikuwa na kazi gani?

MHASIBU: Fundi umeme.

MZEE: Alikuwa anazika watu! Alikuwa na biashara ya mazishi huko Kansas City. Inasimuliwa kwamba mama aliyekuwa akiunganisha simu za mji ule alikuwa mke wa mshindani wake. Mtu akifiwa, akiomba aunganishwe na Strowger, mama anampeleka kwa mumewe. Strowger akaona anafilisika na maiti wapo. Akabuni mtambo wa kumwondoa yule mama katikati, simu ijiunganishe yenyewe. Hataza yake ilitoka 1891. Kwa hiyo simu ya kujiendesha ilizaliwa na mtu asiyemwamini aliyekaa katikati. Nami leo nauliza hilohilo: kwenye hiyo programu yenu, katikati amekaa nani?

BINTI: Mzee wangu, ukianzia kwa Strowger umenipa ushindi. Sisi tumefanya alichofanya yeye. Tumemwondoa mtu wa katikati.

MZEE: Nani huyo?

BINTI: Muuza makabati. Ulipokuwa unanunua swichi, ulikuwa unanunua vitu viwili vilivyogandishwa pamoja, chuma na akili. Akili haikubali kufanya kazi ila kwenye chuma cha aliyekuuzia. Kadi ikiungua, unaagiza kwake na kusubiri ndege. Wateja wakiongezeka, unanunua kabati jingine kwake. Daftari la wateja lina kabati lake. Ujumbe mfupi una kabati lake. Data ina yake, salio la vocha lina lake, na kila moja lina vipuri vyake stoo na mtaalamu wake anayelijua hilo tu. Oktoba 2012, makampuni 13 ya simu, yakiwemo AT&T, BT, Deutsche Telekom, Orange, NTT na China Mobile, yalitoa waraka kwenye mkutano Darmstadt, Ujerumani. Washindani hao, watu ambao hawanywi chai pamoja, walikuwa na neno moja: tutenganishieni akili na chuma. Chuma tutanunua seva za kawaida, zilezile anazotumia mwenye benki. Akili mtuuzie kama programu.

MZEE: Hapo nakubali. Sisi kufungua kadi kuangalia ndani tu kulitosha kuvunja dhamana.

BINTI: Basi hatua ya kwanza ilikuwa mashine pepe. Seva moja inajifanya seva kumi, na programu ya kabati inahamishwa ndani yake kama ilivyo, na uzito wake wote. Ni kama kuhama nyumba ukabeba na kuta. Hatua ya pili ndiyo tuliyomo sasa, ya kontena. Si haya yanayoziba barabara ya Bandari, lakini wazo ni hilohilo. Kabla ya kontena, kila gunia bandarini lilibebwa kivyake. Likaja sanduku la kipimo kimoja, kreni yoyote duniani inalibeba. Nasi tumeikata swichi vipandevipande, kila kipande kimefungwa na mahitaji yake, na kinakaa kwenye seva yoyote yenye nafasi. Anayevipanga ni programu inaitwa Kubernetes. Google waliiachia hadharani 2014. Neno lenyewe la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Kipande kikifa, anawasha kingine. Watu wakizidi, anaongeza. Wakilala, anapunguza. Na 5G, kuanzia viwango vilivyokamilishwa 2018, imeandikwa tangu mwanzo ikae hivyo.

Nilimwona Mzee amekipenda hicho kipande cha mshika usukani. Alikizungusha kichwani jinsi anavyozungusha kikombe. Mhasibu lakini alikuwa ameshafungua simu yake upande wa kikokotoo.

MHASIBU: Nyinyi wawili mnapendana sana. Acheni nilete hesabu. Zamani kabati ulilinunua kwa ajili ya usiku mmoja. Mkesha wa mwaka mpya, au jioni ya kuamkia Idi, kila mtu anapiga na kutuma. Ukinunua dogo, utatukanwa. Kwa hiyo unanunua la kutosha usiku huo, halafu siku nyingine zote linakula umeme na kiyoyozi likiwa nusu tupu. Tena ziada ya kabati la ujumbe huwezi kuiazima ukaipeleka kwenye data. Wahandisi waliponiambia seva zitakuwa za wote, anayehitaji achukue, nilisaini siku hiyohiyo. Kisha nikaangalia Japan.

BINTI: Nilijua utakwenda Japan.

MHASIBU: Niende wapi tena? Rakuten walikuwa na duka la mtandaoni. Aprili 2020 wakaingia kwenye simu kama kampuni ya nne ya nchi, na mtandao waliojivunia kuwa wa kwanza duniani kujengwa wote juu ya programu, toka kiini mpaka mnarani. Wakasema gharama ya kujenga ingeshuka kwa asilimia 40. Wateja milioni 3 wa kwanza wakapewa mwaka mzima bure. Nikazisubiri hesabu zao kama watu wanavyosubiri matokeo ya Simba na Yanga. Mwaka 2022 kundi zima la Rakuten lilipata hasara ya zaidi ya yen bilioni 370, na mzigo mkubwa ulitoka kwenye simu.

BINTI: Kwa sababu ya programu?

MHASIBU: Hapana, na hapo ndipo niliposhika kalamu. Kwa sababu ya minara. Programu haiwezi kusimama hewani ikatoa mawimbi. Ilibidi wajenge vituo maelfu kwa maelfu, wakodi mapaa ya watu, wavute faiba, na kule wasikofika wamlipe mshindani wao, KDDI, kila wateja wao walipopita. Walipunguza bei ya kitu ambacho kwenye daftari si mstari mnene. Hapa kwetu ni zaidi. Nenda mnara wa kijijini uhesabu: dizeli, betri zinazoibwa, mlinzi, kodi ya kiwanja, gari la kupeleka fundi. Dizeli haiwi pepe, binti.

BINTI: Lakini sema na mwisho wake. Mwaka 2024 walivuka wateja milioni 8. Hawakufa.

MHASIBU: Hawakufa kwa sababu baba yao ana duka na benki. Dish wa Marekani hakuwa na baba. Yeye alikwenda mbali zaidi: 2021 alikubaliana na Amazon kuweka mtandao wake wa 5G kwenye wingu lao, yaani seva zao za kukodi. Alianza na Las Vegas, akafikisha mawimbi kwa asilimia 70 ya Wamarekani kufikia katikati ya 2023, na mafundi duniani walikwenda kumtazama. Agosti 2025 kampuni mama yake ilikubali kuiuzia AT&T sehemu kubwa ya masafa kwa dola bilioni 23 hivi. Wateja wake sasa watatumia minara ya AT&T. Usijibu, najua utasema aliuawa na madeni na uhaba wa wateja.

BINTI: Aliuawa na madeni na uhaba wa wateja.

Hapa nitie neno. Wanaoshabikia mageuzi haya huyatangaza kama dawa ya gharama, na wanaoyapinga huokota mzoga wa Dish kama ushahidi wa sumu. Wote wanakosea mahali palepale. Mgonjwa alikuwa na ugonjwa mwingine. Ukitaka kujua kama swichi ya programu inafaa, usiulize kampuni ilipata faida au hasara. Uliza usiku mtandao ulipolala nini kilitokea. Mzee alikuwa akinisubiri hapo.

MZEE: Saa tisa usiku. Mimi sina hesabu za yen, nina saa tisa usiku. Wakati wetu lengo lilikuwa mtambo usilale zaidi ya dakika tano na sekunde chache kwa mwaka mzima. Tulitembea na karatasi ya hesabu hiyo mfukoni. Mtambo ukilala, nilijua nimpigie nani, kwa kuwa jina lake limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Sasa seva ni ya mmoja, programu ya kuigawa seva ya mwingine, huyo mshika usukani amefungashwa na wa tatu, swichi yenyewe imeandikwa na wa nne. Utapiga simu nne, na wote wanne watakuambia kwao kuzuri. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

BINTI: Hilo ni kweli, na limeshanikuta. Lakini mzee, jina moja mlangoni nalo halikukuokoa siku zote. Tarehe 6 Desemba 2018, Uingereza, mtandao wa O2 ulipoteza data karibu siku nzima, pamoja na kampuni ndogo zinazopanda mgongoni mwake. Wateja milioni 32 hivi. Siku hiyohiyo SoftBank ya Japan nao wakaanguka. Nchi mbili, pande mbili za dunia, na tatizo moja: cheti ndani ya programu ya Ericsson kilikuwa kimeisha muda. Kama leseni ya gari iliyosahauliwa. Jina lilikuwa mlangoni, herufi kubwa.

MZEE: Cheti tu?

BINTI: Cheti tu. Na Rogers wa Canada, Julai 8, 2022, wateja zaidi ya milioni 12 bila simu wala intaneti. Walibadilisha mpangilio kwenye ruta, ruta zikafurika kwa njia zisizochujwa, kiini kikazama. Ruta za chuma zile, za kununua. Mafundi wao wenyewe hawakuweza kuingia kwenye mitambo, maana njia ya kuingilia ilipita kwenye mtandao uleule uliokufa, na simu zao za kazini zilikuwa za kampuni hiyohiyo.

MZEE: (anacheka mpaka anakohoa) Fundi amejifungia nje na funguo ziko ndani! Hiyo ya zamani. Hiyo tuliifanya sisi.

BINTI: Ndiyo ninachosema. Kuanguka hakukuletwa na wingu. Nikikubali jambo, nitakubali hili: zamani kosa lilikuwa na mipaka ya kabati. Kabati moja likifa, mtaa mmoja unalia. Sasa nikikosea mstari mmoja wa mpangilio na kuusambaza, naweza kuiangusha nchi nzima kwa sekunde kumi. Kasi ninayojivunia kwenye kutengeneza ndiyo kasi ya kuharibu.

Walinyamaza kidogo. Muuza kahawa akapita akigonga vikombe vyake. Nilidhani jioni imeisha, kumbe Mhasibu alikuwa ameficha karata.

MHASIBU: Turudi kwa Strowger. Mmesema mmemwondoa muuza makabati. AT&T walikuwa vinara wa dini hii; walitangaza kwamba kufikia 2020 asilimia 75 ya kazi za mtandao wao zingekuwa programu, na wakasema walifika. Sasa sikilizeni. Kwenye seva kama 8,600, kwa mujibu wa maelezo yao wenyewe mahakamani, walikuwa na mashine pepe kama 75,000, zote zikitegemea programu ya VMware, ile inayoifanya seva moja ijifanye kumi. Leseni walinunua za kudumu. Novemba 2023 VMware ikanunuliwa na Broadcom. Mwenye nyumba mpya akasema, leseni za kudumu basi. Mnalipa kwa kipindi, na mnanunua furushi zima, mtake msitake. Agosti 2024 AT&T wakamshtaki New York. Kwenye hati za kesi, nyongeza ya bei waliyoilalamikia ilikuwa asilimia 1,050.

MZEE: Elfu moja na hamsini?

MHASIBU: Asilimia. Novemba wakamalizana wenyewe, na walimalizana kwa bei gani hawakutuita barazani kutuambia. Strowger alimtoa mama katikati. AT&T walimtoa muuza kabati, wakageuka, wakamkuta mwenye leseni ameshakalia kiti kilekile, tena kikiwa bado na joto.

Binti hakujibu haraka, na nilimheshimu kwa hilo. Alivunja kashata vipande viwili.

BINTI: Walioumia ni wa hatua ya kwanza, wa mashine pepe zenye mwenyewe. Kubernetes haina mwenyewe. Programu huria, ukigombana na aliyekufungashia, unachukua ileile kwa mwingine, au unaifungasha mwenyewe.

MHASIBU: Ukiwa na watu wa kuifungasha.

BINTI: Ukiwa na watu wa kuifungasha.

MHASIBU: AT&T walikuwa na watu. Hata hivyo Juni 2021 wingu lao la mtandao waliikabidhi Microsoft, teknolojia na wahandisi wake pamoja. Na Desemba 2023, wakinadi minara yenye milango wazi kwa kila muuzaji, walisaini na Ericsson mkataba unaoweza kufika dola bilioni 14 kwa miaka mitano. Milango yote wazi, funguo zote kwa mtu mmoja.

MZEE: Kama wao wanachoka, sisi je? Maana mimi naogopa jambo moja. Wingu, wingu, lakini liko kwa nani? Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika huko upande wa kusini, na hapa mjini siku ile hata kutuma picha ilikuwa mtihani. Kama swichi ingekuwa kwenye wingu la ng'ambo, nisingeweza kumpigia mke wangu aliyeko Temeke nami niko Magomeni.

BINTI: Mzee, hapo umepiga penyewe, ila umempiga mtu mwingine. Kontena haimaanishi ng'ambo. Unaweza kuiweka kwenye chumba chako kilekile ulichokuta kitupu, na wenye akili huweka hivyo kiini cha mtandao wao wa simu. Mwenye swichi ya kabati ndiye aliyefungwa mahali; mimi nachagua. Na hata kabla ya kontena watu waliwahi kukaa ng'ambo. M-Pesa ya Kenya ilianza Machi 2007, na mpaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mama mboga wa Gikomba akimtumia jirani shilingi mia mbili, ujumbe unavuka bahari, unaandikwa Ujerumani, unarudi. Aprili 2015 wakazileta nyumbani. Walizileta wenyewe, kwa kuamua. Suala la kwetu au kwao haliamuliwi na teknolojia.

MZEE: Linaamuliwa na nani?

BINTI: Na anayesaini. (anamtazama Mhasibu)

Mhasibu alisema yeye husaini anacholetewa, jambo ambalo wahasibu wote husema. Kisha Mzee akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akamuunga mkono Binti dhidi ya ujana wake mwenyewe.

MZEE: Nitawaambia kitu sijapenda kukisema. Kile chumba nilichokililia, mitambo ya mwisho mwisho pale, ya kompyuta, sikuijua. Ile ya vyuma niliijua kama mkono wangu. Lakini ilipokuja ya kompyuta, ikiugua sana alikuja mgeni na ndege. Alifunga mlango, akaandika nywila amegeuza mgongo, akatoka baada ya saa mbili akifuta miwani, na ankara ikafuata. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchomoa kadi yenye taa nyekundu na kuchomeka nyingine. Miaka mingi nimelinda sanduku nisiloruhusiwa kuchungulia. Kama binti huyu anaweza kuchungulia, basi amenipita, na mimi nisiseme zamani ilikuwa bora.

BINTI: Naweza kuchungulia, mzee. Si kila mahali, maana programu ya swichi yenyewe bado ni ya muuzaji na imefungwa. Lakini kinachoiendesha naweza kukisoma mstari kwa mstari. Nikiona kosa, naweza kuliandikia marekebisho, na yakikubaliwa, mtu wa Brazil atayatumia bila kujua yametoka Kijitonyama. Tatizo ni jingine. Tulifundishwa sita kwa pamoja. Tumebaki wawili. Wanne hawakuhama nchi. Bado wanakaa Mbezi na Tegeta, tunakutana harusini. Wanafanya kazi za kampuni za Berlin na Amsterdam wakiwa sebuleni kwao. Ujuzi wa kabati ulikufunga kwa mwenye kabati, mzee, huwezi kuupeleka popote. Huu wa kwetu unalipwa dunia nzima. Ndiyo raha yake, na ndiyo tundu la boti.

MHASIBU: Mngewalipa.

BINTI: Wewe ndiye wa bajeti!

MHASIBU: Basi nisikilizeni nikiungama, maana mzee ameungama. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilipong'oa makabati, nilitakiwa nionyeshe akiba. Nikaionyesha: vipuri, umeme, nafasi ya jengo, mikataba ya matengenezo. Nambari nzuri. Wahandisi wakaomba sehemu ya akiba iende kwenye watu, wapya kumi na mishahara ya kuwashika waliopo. Bodi ikaona mishahara ni gharama ya kudumu, haipendezi. Badala yake ukasainiwa mkataba wa huduma wa kuwaendeshea hizo programu. Mnajua ulisainiwa na nani? Yuleyule aliyekuwa akituuzia makabati. Nilipopiga hesabu baada ya muda, akiba yote ilikuwa imerudi kwake kwa mlango wa nyuma. Mgeni wa mzee hapandi tena ndege. Anaingia kwa mtandao akiwa kwake. Ankara ndiyo imeongezeka.

Mimi nimekaa na maneno hayo kuliko yote ya baraza lile. Nimesoma mawasilisho mengi ya mageuzi haya, yenye michoro ya mawingu ya bluu na mishale. Yote yana safu ya seva, safu ya kontena, safu ya mshika usukani, safu ya swichi. Sijaona hata moja yenye safu ya watu sita ikionyesha wangapi watabaki mwakani. Ukiniuliza niko upande gani, niko kwa Binti kuhusu mtambo. Kabati lililofungwa halina cha kutufundisha, na kulililia ni kulilia kufuli. Kuhusu malipo niko kwa Mhasibu, lakini Mhasibu wa jioni ile ya kuungama, si wa siku ya kusaini. Kampuni inayong'oa makabati bila kuajiri wasomaji wa programu haijahama. Imebadilisha tu jina la kodi.

MZEE: Kuna msemo wa baharini, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Huyo mshika usukani wenu wa Kigiriki, siku akikosea njia, nani anajua kupiga makasia?

BINTI: Hilo swali nitalipeleka kazini.

Simu yake ikatetemeka kabla hajamaliza. Akaisoma, akairudisha mezani kifudifudi.

MZEE: Kuna nini?

BINTI: Hakuna kitu. Kipande kimoja cha swichi kimekufa.

MZEE: Kimekufa nawe umekaa?

BINTI: Kimeshafufuka, mzee. Sekunde nane. Kubernetes amewasha kingine kwenye seva nyingine. Hakuna aliyekatikiwa simu.

MZEE: Kilikufa kwa nini?

BINTI: Hivi vinakufa tu. Leo ni cha tatu. Vinafufuka.

MZEE: Mimi safu yangu ikinyamaza mara tatu kwa siku moja, silali. Hiyo inayofufuka yenyewe ndiyo mbaya, maana haikupi sababu ya kuinuka kwenye kiti. Kilikufa kwa nini?

Binti alimtazama, akanitazama mimi, kisha akavuta begi lake, akatoa kompyuta na kuiweka juu ya benchi kati ya vikombe. Mistari ikaanza kupanda, myeupe juu ya weusi, mingi na ya haraka. Mzee akapapasa mfuko wa shati, akavaa miwani, akasogea.

MZEE: Ipunguze kasi. Anza na cha kwanza, cha asubuhi.